Mpangaji wa Kabatini

Wifi yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua mara ya mwisho ulikata simu kabla sijaimaliza salamu hii, na sikulaumu. Leo naianza upya kwa kalamu. Natumaini magoti yamekupunguzia adhabu, na wajukuu wameachana na kile kikohozi kilichokuwa kikiwazungusha. Mimi ni mzima wa mwili. Mdogo wako yupo, anapumua, anakula kidogo. Mengine ndiyo yaliyonifanya nitafute karatasi.

Nimeona niandike badala ya kupiga, kwanza kwa sababu simu siku hizi anayo yeye, halafu kwa sababu kwenye simu ungenikatiza. Na ungekuwa na haki. Mama yenu alipoondoka ni wewe uliyembeba mgongoni, ukamfundisha kufunga viatu, ukanikabidhi mimi akiwa mwanamume mzima mwenye meno yote. Nakuomba tu usome mpaka mwisho. Ukifika huko ukaona unichane, nichane.

Amekupigia mara mbili. Mara ya kwanza alikwambia nina mwanamume namwingiza ndani ya nyumba yake. Mara ya pili alikwambia namtilia kitu kwenye chai, nawe ukaniletea ujumbe kwamba utakuja kumchukua kabla sijammaliza. Nitakujibu yote mawili, ila kila moja kwa wakati wake, maana yakichanganywa hayaeleweki.

Ugonjwa huu ulianzia kwenye herufi. Unajua mwenyewe mkono aliokuwa nao. Mtaa mzima ulimwita Brashi, na hapakuwa na duka lenye jina la maana ambalo hakuliandika yeye. Basi siku moja alipewa ukuta wa duka la mikate. Neno lilianza na M kubwa ya kujaza mlango, likaendelea kusinyaa, hadi E ya mwisho ikawa kama kifungo cha shati. Yeye hakuona kosa lolote mpaka aliposhuka ngazini na kurudi nyuma. Mwenye duka alicheka, akasema ni kweli mikate ya siku hizi inapungua, lakini si vizuri kuwatangazia wateja ukutani. Mdogo wako naye alicheka. Nyumbani hakucheka. Alikaa akaandika jina lake mara nyingi nyuma ya kalenda, na kila mara lilimfia mkononi kabla ya kufika mwisho.

Halafu bega likakaza, na mkono wa kulia ukagoma kufuatana na mwendo. Tulipaka dawa za kuchua, tukalaumu ngazi, tukalaumu godoro. Mwishowe tulifika kwa daktari wa mishipa ya fahamu, mwanamke kijana mwenye macho ya mtu asiyelala vya kutosha. Alimtembeza kwenye korido, akamwambia agongeshe kidole gumba na cha shahada, kisha akatuambia ni Parkinson. Alisema ugonjwa huu hauponi, ila una dawa.

Na dawa zilifanya kazi, tusizikosee adabu. Wiki zile za mwanzo alifunga vifungo vyake mwenyewe, akarudi kwenye ngazi, akaandika tena lile neno la mikate bila kuombwa, herufi zote zikiwa sawasawa kama askari. Tulidhani tumeponea chupuchupu.

Wifi, watu wakisikia Parkinson hufikiria kutetemeka. Kutetemeka ni mgeni mstaarabu: anaonekana, anapishwa kiti, watu wanakupa pole. Kuna mwenzake anayekuja nyuma yake, huyo haonekani na hana huruma. Maumivu yalimwingia kiunoni, yakashuka nyuma ya paja mpaka unyayoni, kama waya uliotolewa motoni na kupitishwa ndani ya mfupa. Asubuhi, dawa ya jana ikiwa imeisha mwilini na ya leo haijashika, vidole vya mguu hujikunja kama vya kuku aliyeng'ang'ania fito, na ole wako ujaribu kuvinyoosha. Shuka likimgusa anaruka kana kwamba umemmwagia maji ya moto. Nililikata lile shuka letu la maua, upande wake nikauacha wazi kuanzia gotini.

Daktari alitueleza kwamba hayo nayo ni ugonjwa uleule. Dawa ikipwa, maumivu yanajaa. Alijaribu kumtuliza mishipa kwa vidonge vingine. Vikamlaza. Alikuwa anasinzia kijiko kikiwa mdomoni. Miguu ikavimba hata viatu vikamkataa, kisha akaanguka bafuni akapasuka juu ya jicho. Vikaondolewa. Ndipo daktari akaongeza kidonge kidogo cheupe, kidogo hata ukikidondosha hukioni tena, akasema hicho kitazirefusha nguvu za zile dawa za kwanza. Akatuonya kwamba akianza kuona vitu visivyokuwapo, au kubadilika tabia, tusikae nalo, tumwambie. Tuliitikia kama wanafunzi wanaosubiri kengele.

Mguu ukanyamaza. Siwezi kukueleza ukimya ule ulivyokuwa mtamu. Tulilala. Tulikula mezani. Alinitania kwamba shuka lililokatwa linafanana na gauni la wasichana wa siku hizi.

Kisha alianza kuona paka, na sisi hatuna paka. Baadaye, tukiwa tunakunja nguo mchana mmoja, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba kuna bwana amesimama kabatini. Nikamuuliza kama analipa kodi. Akasema hapana, ni mpangaji sugu. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tangu hapo tukamwita Mpangaji, na kwa kuwa mguu ulikuwa kimya, hakuna kati yetu aliyetaka kumpelekea daktari habari zake. Mdogo wako alijua kuwa hayupo. Alimwona, na alijua hayupo, na tuliona inatosha.

Kazi yangu unaijua. Nimekuwa mpiga pasi kwa dobi miaka yote hii, na kutwa mikono yangu imo ndani ya mashati ya wanaume nisiowajua. Narudi nikinukia sabuni yao, na mara nyingine marashi ambayo maji hayakuyaweza. Hakuwahi kulisemea hilo. Jioni moja alininusa begani, akaninusa tena, akauliza huyu ni nani. Nikadhani ni utani. Nilipotazama macho yake niliona hayana utani.

Mpangaji akapata sura. Akawa mwajiri wangu, yule tunayemwita Bosi Wanga kwa sababu anataka kila kola isimame kama ubao; mzee wa watu ambaye sidhani kama amewahi kupenda kitu kisichopigwa pasi. Mdogo wako alikuja mpaka kazini, amevaa kandambili, akasimama mbele ya wateja, akamwambia kwa heshima zote amrudishie mke wake pamoja na shati aliloliiba. Wateja waliinamisha vichwa. Bosi Wanga alivua miwani, akaifuta, akaniambia nimpeleke bwana nyumbani nami nipumzike mpaka mambo yatulie. Bado napumzika.

Nyumbani alizitoa nguo zangu zote kabatini, akazitandaza sakafuni, akazipapasa moja moja akitafuta mtu ndani yake. Nilihamia kwenye kochi la sebuleni. Hapo ndipo alipokupigia mara ya kwanza, na wewe ukamwamini. Nani asingemwamini? Hakuwa akipayuka. Alikuwa akieleza kama karani anayesoma hesabu. Jibu la jambo la kwanza ndilo hilo, wifi: hapakuwa na mwanamume, na Mungu ananiona ninavyoandika.

Tulirudi kwa daktari. Alisema ni kile kidonge, si mdogo wako. Akajaribu dawa ya kufukuza maono. Maono yakapungua, lakini mwili ukajifunga kama mlango ulionyeshewa. Akaiondoa. Akaanza kukipunguza kile kidonge cheupe kidogo kidogo hadi akakimaliza, akatuambia ukweli bila kuupaka asali: kwa mdogo wako, kipimo kinachonyamazisha mguu ndicho kinachomleta yule bwana, na kipimo kinachomwondoa bwana kinamwacha na mguu. Mshika mbili moja humponyoka. Nilimuuliza kama hakuna njia ya tatu. Alisema ataendelea kutafuta. Akatupa mazoezi, akazigawa upya saa za dawa, akatukataza kuzimeza pamoja na nyama au maharage maana vinazizuia njiani. Lakini alisema hayo akitazama mikono yake.

Baada ya muda kichwa kilirudi. Aliamka akaniuliza kwa nini nalala kwenye kochi. Akanilazimisha nimsimulie yote, hata la shati. Unajua siku hizi uso wake umekuwa mgumu, haukunjiki wala haukunjuki. Basi machozi yalikuwa yakishuka juu ya uso usiosogea hata kidogo, kama maji ukutani. Aliomba tumrudie daktari, na huko, mbele yetu sote wawili, alisema:

"Kidonge kile nisipewe tena. Mguu ni wangu, nitaumia nao. Yule mtu si mimi."

Tulipofika nyumbani alinishika mkono, akaniapisha kwamba hata akiniomba, hata akinitukana, hata akipiga magoti, nisimpe. Nikaapa.

Najua jirani amekuhadithia kwamba alinikuta nimesimama nje ya chumba, ndani mume wangu analia kuomba dawa, nami nimekunja mikono. Hakukudanganya. Alasiri nyingi zilikuwa hivyo. Aliniomba kile kidonge, nikakataa, akanitukana, nikakataa, nikaenda kufungua bomba la jikoni ili maji yanizibe masikio. Maumivu yakipungua aliniita, akaniomba radhi, akanishukuru. Nikawa nayavumilia matusi kwa ajili ya ile shukrani.

Halafu akaacha kuomba.

Siku moja niliingia nikamkuta amejifunga taulo mdomoni, ameling'ata, jasho limelowesha mto, na yule mguu unaruka wenyewe kama samaki. Aliponiona alilitoa taulo haraka, akajitahidi kukaa sawa, akaniuliza kama tumebakiza mkate. Alikuwa analinda neno lake, wifi. Nilikuwa nimeweza kumnyima mtu anayenitukana. Huyu aliyeuliza habari za mkate sikumweza.

Sasa nafika kwenye jambo la pili, la chai.

Vile vidonge vyeupe vilivyobaki niliambiwa nivirudishe kwa mfamasia. Sikuvirudisha. Nilivitia ndani ya soksi kuukuu nikaisukuma nyuma ya sanduku la pasi, na usiniulize kwa nini; labda moyo wangu ulijijua kabla yangu. Siku ile ya taulo nilikichukua kimoja, nikakisaga kwa mgongo wa kijiko, nikakikoroga kwenye chai yake, nikaongeza sukari. Nikamshikia kikombe, maana hawezi kukishika mwenyewe, nikamtazama akimeza mpaka tone la mwisho. Kesho yake nikarudia, na kesho kutwa. Nilijiambia kwamba nampa kiasi cha mguu tu, kisifike kwa Mpangaji. Mimi mpiga pasi nikajifanya daktari.

Baada ya siku chache mguu ulipoa. Na unajua alisema nini? Alisema, "Unaona? Nimeuvumilia mpaka umechoka wenyewe." Alijiona ameshinda. Alikaa kibarazani, akaniambia nimletee brashi zake azioshe, akapiga soga na wapita njia. Sijawahi kumwona amejisifu hivyo tangu alipouandika upya ule ukuta wa mikate. Nami nilikaa pembeni yake, nikamsifu, na kesho yake asubuhi nikasaga kingine.

Hata hivyo haikudumu. Alikuwa katikati ya maneno, ananieleza rangi ipi huwahi kukauka, akanyamaza. Akatazama nyuma yangu, kule chumbani, kwenye kabati. Sikugeuka. Nilijua ni nani amerudi. Siku hiyohiyo nilivimwaga vidonge vyote chooni, lakini mgeni wa namna ile haondoki kwa sababu umeacha kumpikia. Alianza kuninusa. Akakataa kikombe. Na ndipo alipokupigia mara ya pili, akakwambia, "Mke wangu ananitilia kitu kwenye chai."

Jirani alikwambia ni ugonjwa unaosema. Daktari, nilipompigia nikilia, alinipa pole mimi, akasema wagonjwa wengi hudhani wanalishwa sumu, nisilitie moyoni. Akashangaa tu kwamba maono yamerudi bila kile kidonge. Sikumwambia. Binti yetu naye, huko mbali aliko na kazi yake, alinitumia ujumbe kwamba mimi ni mama shujaa. Wote walikosea, wifi. Wewe peke yako ndiye uliyepatia. Nilikuwa namtilia kitu kwenye chai, naye alikwambia kweli tupu.

Ningeishia hapo ungekuwa na sababu ya kutosha ya kunichukia. Lakini lililo baya zaidi ni la juzi.

Kichwa kimerudi tena, na maumivu yamerudi nacho. Juzi nilikuwa nimekaa chini namkanda unyayo. Aliniita mke wangu, jina ambalo hakuwa amelitumia siku nyingi, akaniuliza polepole, bila hasira yoyote:

"Kulikuwa na kitu kwenye chai?"

Ningesema ndiyo. Lilikuwa neno moja. Nilimtazama, nikaona kwamba nikilisema hatakunywa tena chochote kutoka mkononi mwangu, na hakuna mkono mwingine humu ndani. Nikasema hapana.

Alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akasema basi sasa kichwa kinaondoka chenyewe, hata bila kile kidonge. Akasema alidhani ameacha mguu uteseke ili abaki na akili zake, kumbe ameteseka bure, akili nazo zinakwenda. Alisema kama mtu anayesoma bango la duka ambalo si lake.

Tangu juzi hajalia. Hajang'ata taulo. Maumivu yapo, nayaona kwenye shingo yake, lakini hapigani nayo tena. Amezifunga brashi zake kwa kamba akaniambia nizigawe. Ameniomba nimtafutie mahali pa kumpeleka kabla hajanidhuru. Nikimpa dawa anameza, nisipompa haulizi saa. Mimi ndiye niliyemwonyesha kwamba amepotea, wifi, ilhali hajapotea. Akili zake ni timamu kuliko zangu. Ziliweza hata kuionja ile chai na kujua.

Nimefungua mdomo mara nyingi nimwambie, nikaufunga. Kwa hiyo nakuomba uje. Usije kumchukua, ingawa akishasikia na akataka kuondoka, nitamfungashia nguo zake mwenyewe, zimepigwa pasi. Njoo kwanza ukae naye, ukishike wewe kikombe, azoee kunywa kutoka kwako. Nikiona amezoea, nitamwambia, nawe ukiwapo. Akinifukuza, nitatoka, na hatakuwa amebaki bila mtu wa kumpa dawa. Sikuiti ulete tiba. Mguu utaendelea kuwaka, na daktari hakutuficha kwamba miaka iliyo mbele ni mizito kuliko hii. Angalau aungue akijua kwamba kichwa ni chake.

Wasalimie wajukuu, lakini wasiambiwe haya. Waambie tu mjomba wa baba yao anaumwa mguu. Msalimie na shemeji. Ukipata chombo cha mapema, panda, usisubiri kunijibu kwa maandishi. Asubuhi hii nilipomletea chai aliniambia sina haja ya kuionja mbele yake tena, kama nilivyokuwa nikifanya tangu alipoikataa. Alisema haina maana, maana hata akihisi kitu hatajiamini. Akafumba macho, akanywa yote.

Ni mimi wifi yako, ambaye mpaka leo ni mke wa mdogo wako.